Kumtafuta mwalimu wa takwimu: shajara ya wiki kumi na sita

Wiki ya 1, Jumatatu

Binti yangu amerudi na karatasi ya jaribio la takwimu za juu ikiwa na alama ya chini kuliko zote alizowahi kupata katika somo hili, na kilichonishangaza si alama yenyewe bali mahali ilipopotelea. Hesabu zake karibu zote zilikuwa sahihi. Wastani ulikuwa sahihi, mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika) ulikuwa sahihi, hata thamani ya t, namba inayolinganisha tofauti ya wastani na kuyumba kwa data, ilikuwa sahihi hadi nafasi ya tatu ya desimali. Lakini chini ya kila jibu palikuwa na mstari mwekundu uliopigwa kwenye sentensi aliyoiandika kueleza maana ya namba hizo. Tumekubaliana kutafuta mwalimu wa tuisheni, nami nimeamua kuiandika kazi hii tangu mwanzo kwa sababu najijua: nisipoandika, baada ya mwezi mmoja nitakuwa nakumbuka yale tu yanayouunga mkono uamuzi nilioufanya.

Wiki ya 1, Alhamisi

Kabla ya kumwuliza mtu yeyote, nimekusanya karatasi zake zote za miezi minne iliyopita na kuyapanga makosa yake mafungu matatu. Jumla ni makosa 27. Matano ni ya hesabu, sita ni ya kutumia jaribio bila kuchunguza kwanza kama masharti yake yametimia (je, sampuli ni nasibu, yaani imechaguliwa kwa kura, je, vipimo havitegemeani, je, data chache namna hii zimejitenga upande mmoja au la), na yaliyobaki 16 ni ya sentensi. Anaandika, kwa mfano, kwamba kwa kuwa thamani ya p ni 0.03 basi kuna uwezekano wa asilimia 3 kwamba nadharia tete, yaani dhana kwamba hakuna tofauti yoyote, ni kweli. Anaandika pia kwamba asilimia 95 ya watu wamo ndani ya mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani namba mbili ambazo kati yake wastani wa kundi zima unakadiriwa kuwemo. Sentensi hizo zinasomeka vizuri, hazina kosa la sarufi, na zote mbili si sahihi.

Orodha hii imenibadilisha mawazo. Nilikuwa nimejiandaa kutafuta mtu hodari wa hesabu, ilhali hesabu si ugonjwa wa mtoto huyu.

Wiki ya 2, Jumanne

Nimemwuliza mwalimu wake wa darasani, nimewauliza wazazi wawili ambao watoto wao walipita katika somo hili, na nimesoma matangazo ya walimu kwenye intaneti kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Karibu kila tangazo lina shuhuda za wanafunzi walioridhika, na matangazo mawili yanadai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi wao hufaulu. Ukiwa unatafuta mwalimu wa takwimu, ni aibu kusadiki jambo kama hilo bila kuuliza ni asilimia 90 ya wangapi, walichaguliwaje, na wangapi kati yao wangefaulu hata bila tuisheni. Mwalimu anayewapokea wanafunzi wenye nguvu pekee atakuwa na asilimia nzuri hata akisinzia.

Kuhusu shuhuda nimekumbuka kisa kinachofundishwa karibu katika kila kozi ya takwimu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Anwani zilitolewa kwa kiasi kikubwa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na zaidi ya hapo waliojisumbua kujibu hawakufanana na walionyamaza. Shuhuda za mwalimu wa tuisheni zina kasoro hiyohiyo ya pili, kwani aliyekata tamaa baada ya vipindi vitatu haandiki chochote, anaondoka tu. Kuanzia leo shuhuda sizisomi.

Wiki ya 2, Ijumaa

Tumejadili kama tumpeleke kwenye kikundi cha wanafunzi watano au tutafute mwalimu wa ana kwa ana. Hoja ya pili mara nyingi hutetewa kwa makala ya mwaka 1984 ya mtafiti wa elimu Benjamin Bloom, aliyeeleza kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa ana kwa ana aliwapita takriban asilimia 98 ya waliofundishwa katika darasa la kawaida, yaani tofauti ya michepuko sanifu miwili. Tafiti zilizofuata zimepata manufaa madogo kuliko hayo. Kinachosahaulika ni kwamba wanafunzi wale hawakuvushwa kwenda mada ya pili kabla ya kuimudu ya kwanza, kwa hiyo sehemu ya faida huenda ilitoka huko wala si kwa mwalimu kukaa na mwanafunzi mmoja. Tumeamua kuchukua ana kwa ana, lakini sharti la kutovuka mada nimeliandika kwa wino mzito.

Wiki ya 3, Jumapili

Pamoja na yote niliyoyaandika hapo juu, nimefanya kosa lilelile nililoapa kutolifanya. Nilimpata mtu mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati, mpole, mwenye sauti ya utulivu, nikalipia vipindi vinne kwa mkupuo bila kumpima kwa lolote. Katika vipindi viwili vya kwanza ameonyesha kwa umahiri mkubwa namna mlinganyo wa mtawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele, unavyopatikana, akatumia kalkulasi ambayo binti yangu hajaisoma, na ubao ulijaa mara tatu. Nilikuwa nimekaa chumba cha pili nikisikia sauti moja tu. Nilipomwuliza binti yangu, alijibu, “Mama, anajua mengi sana, lakini hajaniuliza hata mara moja mimi ninafikiri nini.” Nimemshukuru mwalimu huyo na kuachana naye kwa heshima, vipindi viwili vilivyosalia nimevihesabu kuwa karo yangu mimi.

Wiki ya 4, Jumatano

Nimetengeneza karatasi moja ya kuwapimia walimu. Ina majibu matatu yenye makosa, yote yametoka katika karatasi za binti yangu nikiwa nimebadilisha namba, na swali langu kwa kila mwalimu ni moja tu: mwanafunzi amekuletea jibu hili, utamwambia nini kwanza?

Jibu la kwanza ni lile la thamani ya p. Maana yake sahihi ni uwezekano wa kupata matokeo kama haya, au yaliyo mbali zaidi, endapo hakuna tofauti yoyote. Ni uwezekano wa data iwapo nadharia tete ni kweli, na si uwezekano wa nadharia tete. Kosa hili limeenea hadi mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi, na moja kati ya kanuni zake sita ni kwamba thamani ya p haipimi uwezekano wa nadharia inayochunguzwa kuwa kweli. Kwa hiyo simlaumu mtoto, lakini mwalimu anayelipwa lazima alione.

Jibu la pili ni la mipaka ya uhakika. Mwanatakwimu Jerzy Neyman, aliyeiweka nadharia hiyo wazi mwaka 1937, aliielekeza asilimia 95 kwenye njia na si kwenye jibu moja: tukichukua sampuli mara nyingi na kila mara tukapiga mipaka kwa njia ileile, takriban mara 95 katika kila 100 mipaka hiyo itaushika wastani wa kweli wa kundi zima. Haisemi chochote kuhusu asilimia ngapi ya watu wamo ndani.

Jibu la tatu nimelichagua kwa makusudi kwa sababu halina namba hata moja. Wanafunzi waliojitolea wamegawanywa kwa kura katika makundi mawili, kundi moja likasoma likisikiliza muziki na jingine likasoma kimya, na mwanafunzi wetu anahitimisha kwamba muziki unapunguza kumbukumbu kwa vijana wote. Kugawanya kwa kura kunamruhusu kusema kwamba muziki ndio uliosababisha tofauti. Kusema “vijana wote” kungehitaji watu hao wawe wamechaguliwa kwa kura kutoka katika vijana wote, nao walijitolea. Nusu ya hitimisho lake ni halali, nusu si halali, na mwalimu mzuri atazitenganisha nusu hizo.

Wiki ya 5, Jumamosi

Nimezungumza na wanne. Wa kwanza alisoma jibu la thamani ya p akasema ni sahihi, akaniuliza kwa nini nimelileta. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

Wa pili, anayefundisha hisabati kwa miaka mingi, aliyaona makosa yote matatu na kuyasahihisha papo hapo kwa sentensi ambazo mwanafunzi angeweza kuzikariri. Nilipomwuliza angejuaje kama mwanafunzi ameelewa au amekariri, alisema mtihani utaonyesha. Ni jibu la mtu mkweli, ila mtihani ndio ulionileta kwake.

Wa tatu ni kijana wa chuo kikuu anayesomea uchambuzi wa data, mwepesi, mchangamfu, ambaye binti yangu alimpenda mara moja. Makosa mawili aliyaona. La muziki lilimpita. Alishauri tuache kikokotoo na kutumia programu ya kompyuta, jambo lenye faida zake, ingawa programu inaandika namba na haiandiki sentensi.

Wa nne hana cheti cha ualimu. Kazi yake ni kuchambua data za tafiti za afya, na hufundisha wanafunzi wawili au watatu kwa mwaka jioni. Aliisoma karatasi kwa dakika nyingi kuliko wenzake, akaiweka chini, kisha akaniuliza, “Mama, mwanafunzi aliyeandika hili la kwanza alikuwa anawaza nini? Maana hakukosea ovyo. Ameijibu kwa uangalifu swali ambalo hakuulizwa.” Kisha akaeleza kwamba kila mtu hutamani kujua uwezekano wa nadharia kuwa kweli, na kwa kuwa jaribio halitoi namba hiyo, mwanafunzi huichukua namba iliyo karibu na kuipa kazi hiyo. Kuhusu la muziki alisema asingelisahihisha, angemwuliza mwanafunzi kura ilipigwa mara ngapi katika utafiti huo na kwa ajili gani.

Nimewaomba wa tatu na wa nne kipindi kimoja kila mmoja cha majaribio, kwa malipo.

Wiki ya 6, Jumanne

Kipindi cha yule kijana kilikuwa cha furaha, na kilinitia wasiwasi. Binti yangu alimwonyesha mradi wa shule, ambao ni utafiti mdogo anaotakiwa kuubuni, kukusanya data na kuuandikia ripoti mwenyewe. Ndani ya nusu saa kijana alikuwa amechukua kalamu, ameandika hojaji nzima na kupanga majedwali. Hakuwa na nia mbaya, alidhani ndio msaada. Hata hivyo kazi hiyo itasahihishwa kwa jina la binti yangu, na shule ikigundua itakuwa udanganyifu. Hojaji tumeitupa, ataandika yake.

Wiki ya 6, Ijumaa

Kipindi cha mwalimu wa nne nakiandika kwa kirefu, maana ndicho kilichoamua.

Alikuja na kadi nane, nne zimetiwa alama nyuma na nne hazina. Alisimulia kisa ambacho mwanatakwimu Ronald Fisher alikieleza mwaka 1935, cha bibi aliyedai kwamba akionja chai anaweza kutambua kama maziwa yametangulia au chai imetangulia kumiminwa. Fisher alipendekeza vikombe vinane, vinne vya kila namna, vikiwa vimechanganywa kwa kura, na bibi achague vile vinne anavyoamini maziwa yalitangulia. Mwalimu alimwachia binti yangu atafute njia ngapi ziko za kuchagua vinne kati ya vinane. Ni 70. Anayebahatisha tu atapatia vyote kwa nafasi 1 kati ya 70, yaani takriban 0.014. Anayepatia vitatu na kukosea kimoja ana njia 16 kati ya 70, kwa hiyo vitatu si jambo la kustaajabisha. Binti yangu hapo alinyanyua macho, kwa kuwa alikuwa amedhani vitatu kati ya vinne ni ushahidi mzito.

Kisha wakazichanganya kadi na kuchagua nne bila kuangalia, mara mia moja, wakiandika kila mara. Kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya saa, na mimi niliyelipa nilianza kuhesabu dakika. Zote nne zilipatikana mara mbili katika mia. Mwalimu akaizungushia duara mojawapo ya mara hizo mbili akauliza: hapa kadi zote nne ni sahihi, thamani ya p ni 0.014, je, uwezekano kwamba mara hii tulibahatisha ni asilimia ngapi? Binti yangu alianza kusema asilimia 1.4, akanyamaza. Alitazama kadi, akatazama duara, akasema, “Lakini tulibahatisha. Najua tulibahatisha, nilizichanganya mwenyewe. Ni asilimia mia.” Mwalimu hakuongeza neno. Baada ya kitambo binti yangu akasema polepole, kana kwamba anamweleza mtu mwingine, kwamba 0.014 ni ya kadi ikiwa tunabahatisha, si ya kubahatisha kwetu.

Kosa hilo lilikuwa limesahihishwa kwa wino mwekundu mara saba katika karatasi zake bila kuondoka. Nimemchukua mwalimu huyu.

Wiki ya 7, Jumatatu

Tumeandikiana makubaliano ya ukurasa mmoja. Vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja dakika 60, sebuleni na mlango ukiwa wazi. Binti yangu ndiye anayeshika kalamu. Mada haivukwi mpaka aweze kuieleza kwa maneno yake mwenyewe bila kitabu. Mradi wa shule unajadiliwa lakini hauandikwi. Na malipo ni kila baada ya vipindi viwili, si kabla.

Nimeongeza jambo moja ambalo mwalimu alilicheka kidogo, kisha akalisifu. Tulianza safari hii baada ya alama ya chini kuliko zote, na mwanasayansi Francis Galton alikwisha kuonyesha mwaka 1886, kwa vimo vya wazazi na watoto wao, kwamba kilicho mbali na wastani hufuatwa kwa kawaida na kilicho karibu zaidi nao. Alama mbaya kupita kiasi ina sehemu ya bahati mbaya ndani yake, na bahati mbaya hairudii kila mara. Jaribio lijalo lingeweza kupanda hata kama ningemwajiri mtu wa kumsomea hadithi. Kwa sababu hiyo nimechukua maswali 12 ya mitihani iliyopita, kila moja lina alama 4, nikayapigia kura na kuyagawa sita kwa sita. Sita za kwanza amezifanya wiki hii kabla ya kipindi cha pili. Sita zilizobaki nimezifungia kwenye bahasha hadi wiki ya 15.

Wiki ya 9

Masharti ya majaribio. Yale makosa sita ya kundi la pili yamepata dawa ndogo: kila swali la t linaanza kwa mchoro wa data kabla ya hesabu yoyote. Mwalimu alieleza kwa nini t ipo kabisa. William Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alikuwa na vipimo vichache tu vya kila jaribio, na kwa sampuli ndogo mchepuko sanifu unaokadiriwa unayumba kiasi kwamba jedwali la mtawanyo wa kawaida linamdanganya mtumiaji wake. Mwaka 1908 alichapisha suluhisho lake kwa jina la kujificha la “Student”. Binti yangu amesema sasa anaelewa kwa nini jedwali la t linauliza ukubwa wa sampuli na lile jingine haliulizi.

Wiki ya 11

Hakuna kipya. Mafua, kipindi kimoja tu.

Wiki ya 12

Alama ya jaribio la shule imepanda sana. Nimeiandika na sitasema zaidi, kwa sababu niliyoieleza katika wiki ya 7.

Mradi unaendelea. Ameamua mwenyewe kuwachagua wanafunzi wa kuwahoji kwa kupiga kura kwenye orodha ya shule nzima badala ya kuwauliza rafiki zake, na amelalamika wiki nzima jinsi watu waliochaguliwa kwa kura walivyo wagumu kupatikana. Mwalimu amemshauri alalamike ndani ya ripoti, katika sehemu ya mapungufu, akitaja wangapi hawakujibu.

Wiki ya 15, Alhamisi

Bahasha imefunguliwa na maswali sita ya pili yamefanywa. Majibu yote 12 nimeyachapa upya kwa mashine ili mwandiko usionyeshe ni ya lini, nimeyachanganya, na mwalimu mwingine wa somo hili, asiyejua yapi yalitangulia, amekubali kuyasahihisha.

Wiki ya 16, Jumapili

Majibu yamerudi. Sita za mwanzo zimepata alama 9 kati ya 24, sita za baadaye alama 17 kati ya 24. Siwezi kusema tofauti yote ni ya tuisheni, kwa kuwa katika wiki hizo darasani nako alikuwa anafundishwa, na mwanafunzi mmoja si sampuli ya kitu chochote. Ila kupigia kura maswali kumeniondolea shaka kwamba ya pili yalichaguliwa yakiwa mepesi, na usahihishaji wa kificho umeniondolea shaka kwamba msahihishaji alitaka kunifurahisha. Kwangu mimi inatosha kuamua. Kuanzia wiki ijayo tunapunguza kutoka vipindi viwili hadi kimoja, na binti yangu ndiye aliyependekeza.

Kati ya alama saba zilizopotea upande wa pili, nne zimepotea kwa sentensi ya aina moja, na ni mpya kwangu. Thamani ya p imetoka 0.21, naye ameandika kwamba imethibitishwa kuwa hakuna tofauti kati ya makundi mawili, ilhali makundi yenyewe yalikuwa na watu tisa kila moja. Nimempigia mwalimu simu nikamsomea. Amesema kukosa ushahidi wa tofauti na kuwa na ushahidi wa kutokuwapo tofauti ni mambo mawili, na kwamba watu tisa wangeweza kupitwa na tofauti kubwa tu bila kuiona. Ameomba tusimweleze lolote mpaka Jumanne. Atakuja na zile kadi, lakini safari hii ni nne tu, mbili zenye alama na mbili zisizo nayo, ambapo hata mtu anayezijua zote kwa hakika hawezi kupata thamani ya p iliyo chini ya moja kwa sita.